Walibaki Muyinga

Jua likiwa zuri, Salima alianika magodoro yake kwenye uwanja wa ndege. Gitega yote ni mgongo wa kilima; ukianika kitu mlangoni kwako, jioni unakwenda kukidai kwa jirani wa bondeni. Uwanja ule peke yake ndio uliokuwa tambarare. Wabelgiji waliusawazisha kwa ajili ya ndege zao, wanajeshi wakaurithi, wakajenga kambi ndogo na kusimamisha mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakwenda wapi. Kisha ndege zikaacha kuja. Wanajeshi wakahamia penye mabati mazima, mfuko wa upepo ukaoza, na uwanja ukawarudia wenye shida nao. Wanawake walianika maharage na mihogo, watu wazima walijifunza baiskeli bila kuchekwa, ng'ombe walilala katikati ya njia ya ndege wakicheua. Ilipokuja vita hii, kisha nchi jirani zikafunga mipaka kwa vikwazo, uwanja ulikuwa na kazi nyingi kuliko siku za ndege zenyewe.

Alhamisi moja Salima alileta godoro la sufi, la bibi arusi wa mtaa wa Waswahili. Alilitandika mwisho wa uwanja, pale ndege zilipokuwa zikigeukia, akalichapa fimbo litoke vumbi, akaenda kuketi kwenye kivuli cha ukuta wa kambi na sindano yake. Adhana ya alasiri ikasikika kutoka mjini. Haukupita muda, godoro likaanza kutambaa. Lilitambaa taratibu, likayakwepa maharage ya watu, likaongeza mwendo, na lilipofika usawa wa mlingoti likaiacha ardhi. Halikuyumba. Lilipanda juu ya miti ya ukingoni, likakata kona ndogo, likashika njia ya Muyinga.

"Na harusi ni Jumamosi," Salima akasema.

Mama aliyekuwa akipeta maharage karibu naye alimpa pole. Alisema godoro lile lilikaushwa kupita kiasi, na kitu kikikauka sana hakikai.

Kabla ya magharibi ganda la godoro likarudi. Lilishuka kutoka upande uleule lilikokwenda, likajiburuta mpaka miguuni pa Salima, likatulia. Ndani hamkuwa na sufi hata ya kuzibia sikio. Salima aliipitia mishono yote kwa kidole, maana mishono ilikuwa yake, akaikuta mizima. Alilikunja ganda, akaliweka kichwani, akaanza kurudi nyumbani kulijaza upya. Njiani alikuwa na mawazo. Kitu kinachoondoka alasiri kimejaa, kikarudi kabla ya magharibi kitupu, yeye alishawahi kukiona, na alikionea palepale.

Hapa lazima tumtaje mumewe, maana bila yeye hii ni hadithi ya godoro tu.

Mumewe aliitwa Zuberi. Alikuwa fundi magodoro, ndiye aliyemfundisha Salima kazi, na alikuwa mpiga dufu wa msikiti. Hakuwa mpigaji mzuri. Kila wenzake walipogonga, yeye aligonga nyuma yao kidogo, kwa sababu alipenda kwanza kumtazama msomaji usoni. Wenzake walimtania kwamba madufu yao yanakuja kwa baiskeli, la Zuberi linakuja kwa miguu. Salima naye, akimsikia anavua viatu mlangoni, alimpokea kwa neno moja, "Umechelewa," hata siku aliyowahi. Ndivyo walivyopendana, na walipendana sana.

Mwaka ule ambao Gitega hawautaji kwa tarakimu, wanauita ikiza, yaani balaa, kulikuja ujumbe msikitini. Ulikuwa mwezi wa Maulidi. Ujumbe ulisema Muyinga wanafanya Maulidi makubwa, na wakubwa kwa wema wao wametoa ndege ya jeshi iwapeleke masheikh na wapiga dufu wa Gitega, iwarudishe jioni. Siku zile watu wengine wa mji wakiitwa na askari walikimbilia vichakani, maana walioitwa hawakurudi. Watu wa mtaa wa Waswahili waliitwa kwenye Maulidi, wakaoga. Nani anaikimbia Maulidi? Walivaa kanzu zilizopigwa pasi ya makaa, wakabeba madufu yao, wakaenda uwanjani kwa miguu yao wenyewe, na wanawake nyuma yao wakiimba kasida na kuwanyunyizia marashi. Aliyekosa nafasi alinuna. Kulikuwa na kijana mmoja, Chabani, mwanafunzi wa dini, aliyeng'ang'ania ngazi ya ndege akilia mpaka askari wakamshusha. Ndege ikaondoka baada ya alasiri.

Wanawake walipika pilau palepale uwanjani. Kabla ya magharibi ndege ikarudi. Mlango ulifunguka, akatokea askari mwenye ufagio, akafagia ndani. Ikaanguka kofia moja, akaiokota, akaitia mfukoni. Wakamuuliza wenzao wako wapi.

"Wamebaki Muyinga," akasema.

Wanawake wakafurahi. Mgeni akizuiwa alale, ujue kapendwa. Wakala pilau, wakawawekea waume zao kidogo.

Basi walibaki Muyinga. Mwanzoni neno hilo lilikuwa habari, baadaye likawa adabu. Mtu akiuliza alipo mzee fulani, aliambiwa alibaki Muyinga, naye muulizaji akaelewa kuwa chai yake inapoa. Watoto walikua wakilisikia. Kuna waliodhani Muyinga ni mji mkubwa sana, kwa jinsi unavyojua kuweka watu.

Shida ya Salima ilikuwa moja. Mjane hukaa eda. Hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyeupe, hajipambi, watu wanakuja kumfariji, marehemu anasomewa hitma, na yeye analia mpaka basi. Salima hakuwahi kukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Zuberi amekufa. Kumlilia aliye hai ni uchuro, ni kumwitia kifo. Kwa hiyo hakulia. Binti yao Pili alikua, akaolewa huko Buyenzi, Bujumbura, akazaa, na mama yake bado hajalia. Machozi yalimkaa kifuani kama ugali ulioliwa kwa haraka.

Kila Ramadhani ikiisha alikwenda kwa Sheikh Chabani kuomba ruhusa. Ni yuleyule Chabani wa ngazini. Alikuwa imamu sasa, na aliupata uimamu kwa sababu wote waliomzidi elimu walipanda ndege.

"Vitabu vina njia ya mume aliyepotea, Mama Pili," Sheikh alimwambia, kwa Kiswahili cha Ujiji alikokwenda kusoma. "Mke hungoja, kisha hufunguliwa. Lakini Zuberi hakupotea. Inajulikana aliko. Niletee aliyeona, au niletee kaburi."

"Sawa, Sheikh," Salima alijibu kila mwaka, akatoka na hasira. Ilimchukua njia nzima kuituliza, ili asijidunge sindano akifika kazini.

Habari ya godoro ilimfikia Léonard siku ya tatu yake. Huyu alikuwa Mkongomani wa Uvira, aliyekimbia vita vya kwao akaja kuangukia vya wenzake. Aliuza ndagala, yaani dagaa wakavu, na mawese. Mkewe, Dorcas, alikuwa Muyinga kwa watu wa kanisa lao, na kati ya mume na mke kulikuwa na barabara yenye bunduki kila kona. Malori yaliyochomwa yalikuwa mengi kuliko yaliyofika. Léonard alimkuta Salima barazani, akavuta kigoda.

"Mama Pili, ile godoro yako, ilikuwa inaenda wapi?"

"Muyinga."

"Na ilikuwa nzito?"

"Sufi ikiwa nyingi iko nzito, Léonard. Ulale juu yake hujui, uibebe ndiyo utajua."

"Bon. Mi niko na gunia ya ndagala. Tuijaribu."

Gunia lilipaa kwa shida kidogo, kama mama mjamzito anayepanda kilima, lakini lilipaa. Kabla ya magharibi likarudi tupu, linanuka samaki. Léonard hakujua ndagala zake zinashukia wapi, akaendelea kuzipeleka kwa imani tu, mpaka Dorcas alipotuma salamu na dereva mmoja kwamba watu wa Mwakiro, huko huko Muyinga, wamekula samaki wiki nzima na wanamshukuru sana. Mizigo ilikuwa ikitua kwenye shamba la mikaratusi nje kidogo ya Mwakiro, pahali palepale kila mara. Dorcas akahamia huko, akapata nyumba pembeni mwa miti, akawa anapokea.

Biashara ikashika. Wenye chumvi walileta chumvi, wenye sabuni walileta sabuni, na fundi mmoja alipeleka milango ya shule, ikapaa imesimama. Alasiri watu wa mitaa ya juu walipumzika kutazama. Mizigo ilipita kimya, mmoja nyuma ya mwingine, vivuli vyake vikiteleza juu ya mapaa na migomba, na mawese yakicheza ndani ya madumu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, lakini Gitega walikuwa wameshayaona ya Firauni kwanza, kwa hiyo haya ya Musa hayakuwasumbua.

Uwanja ulikuwa na masharti yake. Kitu kitupu haukukipeleka, na kitu kilichojaa haukukirudisha. Dorcas alijaribu kurudisha maharage ya Giteranyi, mazuri, ya njano. Gunia lilikaa chini ya mikaratusi mpaka alipolimwaga, ndipo likaruka peke yake kwenda kwa Léonard. Watu pia uwanja uliwakataa. Askari mmoja aliyekuwa akitamani kumwona mama yake huko Butihinda, upande wa Muyinga, alikalia magunia ya chumvi, akashika kamba kwa mikono miwili. Magunia yakaondoka chini yake taratibu, yakamwacha ameketi kwenye vumbi na kamba yake.

Wakubwa nao hawakukaa mbali. Uwanja ulizungushiwa waya, akaletwa Kapteni wa kuusimamia, na kambi ya zamani ikapigwa bati jipya. Wanawake wa maharage walihamishiwa nje ya waya. Salima aliachiwa pahali pake ukutani, kwa heshima ya godoro lake. Hata msikiti ulianza kupeleka vitabu na misahafu kwa madrasa ya Muyinga, na Sheikh Chabani alikuja mwenyewe kuvisomea dua ya safari.

Siku moja Léonard alipata nafasi kwenye msafara wa magari yanayosindikizwa na wanajeshi, akaenda kumwona mkewe, akarudi mzima. Alipita kwa Salima kumpa salamu.

"Dorcas iko salama," alisema. "Lakini Mama Pili, pale Mwakiro udongo unapiga ngoma."

"Ngoma gani?"

"Kila muzigo ikianguka, chini inajibu. Alinitumia habari, mi nikafikiri ni upweke tu, mwanamke akikaa yeye peke yake anasikia mambo. Mais nikasikia na masikio yangu. Iko hivi."

Aligeuza kopo tupu la maziwa ya unga, akaligonga kwa vidole. Aligonga vizuri, kama mtu aliyekulia kanisa lenye ngoma. Wawili wawili, kisha watatu, kisha wote pamoja.

"Halafu pale mwisho, wote wanaisha, iko moja inabakia nyuma." Akangoja kidogo, akagonga mara moja. "Unaona? Kama mutu alikuwa anaangalia kando."

Salima aliiweka sindano chini. Alimwomba arudie, na Léonard akarudia. Madufu yalipita kwa baiskeli, na moja likaja kwa miguu.

"Ni nini?" Léonard akauliza.

"Ni bwana yangu," Salima akasema. "Yote hii miaka, na hakuna aliyemnyoosha."

Léonard alikuwa mtu wa adabu. Alilirudisha kopo mezani, akakaa naye mpaka giza likakaribia, hakusema neno la biashara.

Asubuhi Salima alikwenda kwa Sheikh Chabani. Hakuketi. Alimweleza habari yote, kisha akagonga mlango wa Sheikh kwa vidole kama Léonard alivyogonga kopo. Sheikh alipousikia mdundo huo, mkono wake wa kulia ulianza wenyewe kugonga goti. Aliutazama, akauficha ndani ya mkono wa kanzu, na huko ndani ukaendelea.

"Nimeleta kaburi, Sheikh," Salima akasema.

Sheikh aliufunga mlango. Kisha akasema, "Umeniletea nini, Mama Pili? Kaburi halina ngoma. Maiti hapigi dufu. Anayepiga dufu yu hai, na aliye hai hakaliwi eda."

"Yuko chini ya udongo, Sheikh. Yuko pale na wenzake wote. Na mwalimu wako yuko pale."

"Kukaa chini ya udongo si kufa. Kufa ni kunyamaza." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nenda kamwambie anyamaze. Akinyamaza, wallahi nitamsomea hitma mimi mwenyewe, na wewe utakaa eda yako kama wanawake wengine."

Sheikh Chabani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga, na woga ukikaa sana kwa mtu huanza kusema kama elimu.

Salima alikwenda pia kwa Kapteni. Kapteni alimpa kiti na fanta. Hakubishana naye kuhusu ngoma, alikuwa na habari zake. Alieleza kwamba udongo wa Mwakiro ni laini, na kitu kizito kikianguka penye udongo laini lazima utoe sauti. Kuchimba haiwezekani. Wakichimba, mizigo itatua wapi? Nchi ina vikwazo, Mama, watu wanataka chumvi. Na kuhusu hao watu wake, awe na akili, uwanja huu haubebi watu, kila mtu ameona yule askari alivyoachwa chini.

"Ulishabeba," Salima akasema. "Ndiyo maana umekataa."

Kapteni aliinuka, akafungua sanduku la nyuma yake. Kisha, kwa kuwa alimwona mama mwenyewe ana huzuni, na serikali si jiwe, alimpa kazi. Alimpa jora la kitambaa cheupe ashone mfuko mpya wa upepo wa kutundika mlingotini. Salima akashukuru, akalichukua, akaenda nalo nyumbani. Hakulikata. Alilifungia kwenye kanga pamoja na nguo zake, akamwomba Léonard amtafutie nafasi kwenye msafara.

Walitoka asubuhi, wakakaa sana kwenye vizuizi. Barabara ilipita kati ya vilima vilivyohamwa, nyumba hazina mapaa, migomba imeota mpaka sebuleni. Ndani ya lori moja lililoungua mtama ulikuwa umeota, umeshachanua. Alasiri iliwakuta karibu na mto Ruvubu. Hapo mizigo ya Gitega ikawapita. Ilikuja juu, kwa mpango, magunia mbele na madumu nyuma, na nyuma kabisa kitanda cha mbao chenye miguu iliyochongwa, na kivuli chake kikavuka mto. Dereva alipunguza mwendo. Askari wa msafara waliinua nyuso, wakatazama mpaka kitanda kilipopotea nyuma ya kilima, kisha mmoja akagonga bati la gari waendelee. Salima aliwaza kwamba Zuberi naye alipita hapa akiwa juu, na huenda aliuona mto ule ukimeta, akaufurahia. Alipenda sana kutazama vitu.

Dorcas alimpokea njiani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, naye hakumuuliza kitu mpaka Salima alipokwisha kula.

"Léonard alinielezea," alisema. "Ule wa nyuma ni bwana yako?"

"Ndiye."

"Mi namuzoea sana. Nikipika, sitii chumvi mpaka yeye apige. Wale wengine wanaenda haraka, wananichanganya. Yeye ananingojea." Akaondoa sahani. "Utamuambia nini?"

"Sheikh anasema nimwambie anyamaze. Akinyamaza watamhesabu amekufa. Nitapata eda yangu."

"Na akinyamaza, nani atajua iko pale?"

Salima alikuwa ameshaliwaza hilo barabarani. Zuberi akinyamaza, Sheikh angesoma hitma kweli, kwa sauti nzuri, na watu wangekula. Kisha Kapteni angesema udongo umekuwa mgumu, na wangebaki Muyinga kabisa, hata sauti isingewatoa tena. Lakini asiponyamaza, yeye angekufa akiwa mke wa mtu aliye hai, na kifua chake kimejaa. Alimtaka Zuberi aliyekufa, amlilie. Alitaka hilo tu, na alilitaka mpaka akaona haya.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, alioga, akafuata njia ya mikaratusi na kanga yake. Wapokeaji wa mizigo walikuwa wamelala kivulini. Palikuwa pahali pazuri, lazima isemwe: miti imenyooka, harufu ya majani yake ni ya dawa ya kifua, na katikati uwazi mkubwa ambapo hakuna mti uliokubali kuota. Dorcas alikaa ukingoni, asimsongee. Salima alikwenda mpaka katikati, akaketi chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

Mzigo wa kwanza ukaja juu ya vilele, gunia la chumvi. Uliteremka polepole, ukagusa ardhi, na ardhi ikajibu. Salima aliisikia kwa mapaja yake kabla ya masikio. Madufu yote yalikuwepo. Alimtambua mzee Sefu, mpiga dufu mwenzake Zuberi, kwa uzito wa mkono wake, akamtambua Houssein aliyependa kupamba. Mizigo ikazidi kushuka, na pigo likachangamka kama usiku wa Maulidi pale msomaji anapofika penye kusimama. Likapanda, likaisha, wote pamoja.

Salima alifungua kinywa amwambie anyamaze.

Likaja lile moja.

"Umechelewa," Salima akasema.

Ndipo akalia. Alilia bila ruhusa ya mtu yeyote, kwa sauti, ameshika udongo kwa mikono miwili, akimtaja jina, akimtaja Pili na wajukuu asiowajua, akimtukana kidogo pia kwa kupanda ndege ya watu ovyo ovyo. Mmoja wa wapokeaji alikuja kumwomba, kwa heshima, asogee upande kidogo, kuna kitanda kinashuka. Akasogea, akaendelea. Chini pale waliendelea kupiga, na Zuberi hakuwahi hata mara moja.

Dorcas alipokuja kumwinua, Salima alifungua kanga, akatoa jora la Kapteni, akajitanda nyeupe kuanzia kichwani.

"Hapa hakuna sheikh, Mama," Dorcas akasema. "Mi nitakaa na wewe."

Alikaa eda yake Mwakiro, chumba cha nyuma cha mke wa Mpentekoste, dirisha likitazama mikaratusi. Wanawake Waislamu wa Muyinga mjini walipata habari, wakaja kwa zamu na mihogo na mikeka. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walikuja baada ya adhuhuri, wakasikiliza alasiri, wakarudi kwao mapema kwa sababu ya barabara. Mizigo haikupungua siku hata moja. Wakubwa walijenga ghala la bati pale kwenye uwazi ili chumvi isinyeshewe, na ngoma ikawa inasikika vizuri zaidi kwa ajili ya bati. Eda ilipokwisha Salima alivua nyeupe, akaifua, akaikunja. Dorcas alimwambia kuna msafara wa Gitega Jumatatu. Salima akasema sawa, na Jumatatu alikuwa anashonea watu wa Mwakiro magodoro.

Gitega walitafuta fundi mwingine wa kushona mfuko wa upepo. Léonard alilitunza ganda la lile godoro la kwanza, kisha akalijaza ndagala, likaenda zake. Na Ramadhani ilipoisha, Sheikh Chabani aliketi barazani kwake tangu asubuhi akimngoja mtu wa kila mwaka, mpaka alipomwuliza jirani mama yule fundi magodoro yuko wapi siku hizi.

"Salima?" jirani akasema. "Alibaki Muyinga."

Sheikh akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda uwanjani, maana alasiri ilikaribia na misahafu ilikuwa bado haijasomewa dua.